Mwaka Hamisi Alipofunga Goli

Kosmas alizikwa Nyandira, kwenye shamba lake mwenyewe, kando ya matuta ya karoti, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba sisi tuliosimama nyuma tulisikia jeneza likishushwa bila kuliona. Baada ya maziko tulipewa ugali na maharage. Wanawake walikuwa ndani, wanaume nje chini ya turubai, na mimi nikapewa kigoda mlangoni kwa sababu magoti yangu hayakubali tena kukaa kwenye mkeka. Hapo mlangoni nikawasikia wazee wawili wakibishana kwa sauti ya chini, kama watu wanaojua wako msibani lakini wameshindwa kujizuia. Mmoja alisema, "Lile goli lilikuwa halali, wewe acha tu." Mwenzake akajibu, "Halali vipi, na umeme umekatika mpira uko njiani?" Nikageuza shingo. Huyo wa pili alikuwa Yusufu, ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka zaidi ya ishirini, nywele zote nyeupe, miwani imefungwa kwa uzi. Akaniona, akanyanyuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Tulipomaliza kupeana pole akaniuliza mbele ya wote, kwa upole, kama mtu anayeulizia njia, "Dada Vene, hebu waambie hawa. Siku ile uliona, au hukuona?" Nikamjibu kwamba mpaka leo sijui. Wakacheka kidogo, wakidhani nimejibu hivyo kwa adabu ya msiba. Lakini ule ndio ulikuwa ukweli, na niliporudi mjini jioni ile nikaona afadhali niueleze wote, tangu mwanzo, maana tuliobaki ni wachache.

Mwaka wa goli lile nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimeteremka kutoka milimani, nimepanga chumba Mji Mpya, na nilikuwa sielewi jambo hata moja. Nasema hivyo bila kutia chumvi. Tulikuwa tumefundishwa shuleni kwamba mfanyabiashara binafsi ni mnyonyaji, na mwaka huo mimi mwenyewe nilikuwa nikifanya kazi kwa mfanyabiashara binafsi, nikifungua mabelo ya mitumba na kuzichagua nguo: za daraja la kwanza huku, za daraja la pili kule, matambara pembeni. Nilikuwa nikitoa makoti mazito ya watu wa nchi za baridi, ndani ya mifuko yake mna tiketi za magari moshi ya huko na vipande vya karatasi vyenye maandishi nisiyoyajua, na joto la Morogoro likinitiririsha jasho mpaka kwenye viwiko. Viwanda vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine. Ukipita barabarani asubuhi unawakuta wanaume wazima wamevaa ovaroli zao safi, zimepigwa pasi, wamekaa kwenye kuta fupi za nyumba wakitazama njia, kwa sababu wamepunguzwa kazini lakini miili yao bado inaamka saa kumi na moja. Wakati huohuo maduka yalikuwa yamejaa vitu. Sabuni ambayo tuliipangia foleni tukiwa wadogo sasa ilikuwa inatutafuta yenyewe mlangoni. Watu walisema nchi imefunguliwa. Mimi nilikuwa nikijiuliza imefunguliwa kuelekea wapi, na nani amebaki na ufunguo.

Chumba changu kilipakana na ghala lililokuwa la chama cha ushirika. Ushirika ulikuwa umekufa, na ghala likakodishwa kwa mtu mmoja aliyeitwa Mzee Abeidi, mfanyabiashara mpole mwenye ndevu zilizokatwa vizuri, aliyekuwa akileta redio na pasi za umeme kutoka ng'ambo. Ukuta wa ghala na wa chumba changu ulikuwa mmoja, na juu, kati ya tofali la mwisho na bati, palikuwa na uwazi wa kupitisha mkono. Siku moja ya Jumamosi nikiwa nabandua maharage jikoni kwangu, yaani pale penye jiko la mkaa karibu na kitanda, nikasikia kupitia uwazi ule mlio kama wa mbu wengi wanaoimba kwa mpangilio, halafu makelele ya watu. Kisha sauti ya mzee ikasema, kwa hasira halisi, "Mpe Hamisi. Hamisi yuko peke yake pale, mpe." Nikasimama na mwiko mkononi. Mlikuwa na mpira wa miguu ndani ya ghala? Ghala lenyewe lilikuwa na upana wa vyumba vitatu tu.

Kwa wiki tatu niliifahamu michezo ile kwa masikio, kabla sijaiona kwa macho. Nilimjua Yusufu kwamba anacheza pasi fupi na hapendi kukimbia. Nilijua kwamba pedi moja ya kuchezea, ya manjano, ina kitufe kinachonata, na kwamba anayepewa pedi hiyo hulalamika kabla hata hajafungwa. Nilijua kwamba kuna watu wa Mzinga, watu wa Mazimbu, watu wa Kingolwira na watu wa mjini, na kwamba kila upande umeleta mchezaji wake na kila mchezaji ana mashabiki. Wa Mzinga, wengi wao wafanyakazi wa kiwanda cha huko, walipenda mchezo wa nidhamu. Mchezaji wao akipoteza mpira hovyo walimsema kama msimamizi anavyomsema aliyechelewa zamu. Wa Mazimbu walikuwa wanafunzi wa chuo, na hao walichambua. "Yule hashambulii," nilimsikia mmoja, "anamwachia mwenzake mpira ili akosee. Hiyo ni falsafa." Mtu wa Kingolwira akamjibu, "Falsafa ni ile iliyowafanya mfungwe manne wiki iliyopita?" Nikacheka peke yangu chumbani, maharage yakaungua.

Nilipoingia kwa mara ya kwanza nilikuta ghala bado linanuka magunia ya mahindi na dawa ya wadudu. Katikati, juu ya mizani ya zamani ya ushirika iliyokuwa haifanyi kazi tena, palikuwa na televisheni. Televisheni ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuonekana huku Bara, na wengi waliokuwa mle ndani hawakuwa wamewahi kuona taarifa ya habari kwenye kioo, lakini walishaona gemu. Mashine ndogo ya kijivu imeunganishwa na waya, kanda imechomekwa juu yake, na vijana wawili wamekaa kwenye makreti ya soda wakibonyeza pedi. Kanda ilikuwa imeandikwa Kijapani. Hakuna mtu Morogoro nzima aliyeweza kusoma majina ya timu wala ya wachezaji, kwa hiyo watu walikuwa wamezipa timu majina ya jezi zake, Wekundu, Bluu, Weupe, Kijani. Wachezaji wa Kijani walikuwa wamepewa majina na mtu mmoja tu, na huyo ndiye mwenye ile sauti niliyoisikia ukutani.

Aliitwa Mzee Nikodemo. Alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda kimoja kilichofungwa mwaka uliotangulia, mtu mrefu mwenye kalamu mbili mfukoni mwa shati, na alikuwa amewapa wachezaji kumi na mmoja wa Kijani majina ya watu kumi na mmoja wa zamu yake waliopunguzwa kazini siku moja na yeye. Golikipa alikuwa Tadei. Beki wa kulia Mbaraka. Namba saba, mfupi, mwenye mbio, alikuwa Hamisi, kwa sababu Hamisi wa kiwandani alikuwa ndiye anayekimbia kuzima mtambo ukikwama. Hakuna aliyemcheka kwa hilo. Ukimtazama akisema "Hamisi yuko peke yake," huwezi kucheka. Wanafunzi wa Mazimbu walijaribu siku moja. Mzee alikuwa amesema namba saba amepunguza mwendo kwa sababu amecheza mechi mbili mfululizo, na mwanafunzi mmoja akamwambia kwa heshima, "Shikamoo mzee, lakini yule hachoki. Yule ni umeme tu." Mzee Nikodemo akaitikia marahaba kwanza, kisha akasema, "Hata huo umeme wenu mbona unachoka kila Jumanne?" Ulikuwa wakati wa mgawo. Ghala zima likamshangilia.

Kilichonichanganya zaidi ni mshahara. Mzee Abeidi alikuwa akimlipa Yusufu. Alimlipa kwa wiki, akampa na chakula cha mchana, ili acheze gemu kwa niaba ya mjini na kuvuta watu. Yusufu alikuwa na miaka ishirini na mitano, mkewe Mwajuma alikuwa mjamzito, na kila asubuhi alitoka nyumbani akiwa amechomekea shati kama anayekwenda ofisini. Nilimsikia Mzee Nikodemo akimuuliza, bila dharau, kwa kutaka kujua, "Mwanangu, unalipwa kwa kutengeneza nini?" Yusufu akafikiri. "Sitengenezi kitu, mzee. Ninashinda tu." Mzee akatikisa kichwa taratibu. "Mimi nimetengeneza miaka kumi na tisa," akasema, "na sikuwahi kushinda." Nimeyafikiria mazungumzo yale mara nyingi kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kusikia kanisani, na bado sijui ni nani kati yao alikuwa akimhurumia mwenzake.

Kosmas aliingia ghalani mwezi wa sita akiwa na tope la mlimani kwenye magoti. Alikuwa ameleta kabichi sokoni, amemaliza kuuza mapema, akafuata makelele. Nilimfahamu kwa sura kwa sababu parokia yetu ilikuwa moja. Akaomba kujaribu. Wakampa pedi ya manjano, ya kukomoa, na timu ya Kijani ambayo ilikuwa dhaifu na haikutakiwa na mchezaji yeyote. Vidole vyake vilikuwa vinene, kucha zimepasuka, na alishika ile pedi kama mtu aliyeshika kifaranga. Akamfunga mchezaji wa Kingolwira matatu. Akamfunga wa Mazimbu mawili. Kitufe kile kinachonata yeye alikijulia. Alikibonyeza mapema, kabla ya wakati, ili kinapoachia kiwe kimefika panapotakiwa. Nilimuuliza baadaye alijifunza wapi. Akasema, "Ukimwagilia mteremkoni, maji unayaelekeza kabla hayajafika. Yakishafika umechelewa." Tangu siku ile watu wa milimani nao wakawa na timu, na kila Jumapili baada ya misa waliteremka kwa miguu na vikapu vyao, kina mama na wazee, wakaja kusimama nje ya ghala.

Hao wa nje ndio walionipa kazi. Ndani hapakutosha; madirisha yalikuwa madogo na yana nondo. Jumapili moja mama mmoja aliyekuwa nyuma ya watu akauliza, "Jamani, kumetokea nini?" Nilikuwa dirishani upande wa ndani, nikamjibu, "Mbaraka amenyang'anya mpira, anampa Hamisi." Akauliza tena. Nikajibu tena. Mara nikaona kimya kimetanda nje, watu wote wananisikiliza, na mdomo wangu ukaendelea wenyewe. Sikuwa nimejua kwamba nina sauti. Nyumbani nilikuwa mtoto wa kuambiwa sema tusikie. Wiki iliyofuata Mzee Abeidi akaniwekea stuli ndefu dirishani na sahani ya pilau kutoka kwa mkewe, akaniambia, "Wewe ndiye macho ya walioko nje. Usiwaongezee, usiwapunguzie." Nilikuwa nikila ile pilau nikiwa nimekaa juu ya stuli kama hakimu, na watoto wa shule, wauza nyanya, wanafunzi wa chuo waliokosa nafasi, wote wananitazama mdomo wakisubiri nimeze ndipo niendelee.

Siku moja katikati ya mechi nikamwona mwanaume mfupi, ovaroli ya bluu, amesimama mbele kabisa karibu na dirisha. Mechi ilipoisha akanisalimia, akajitambulisha kwamba yeye ni Hamisi. Sikuelewa. "Hamisi wa zamu ya Mzee Nikodemo," akasema. "Nimeambiwa huku nimefunga magoli." Nilitamani ardhi inimeze. Nikaanza kumwomba radhi, akanizuia kwa mkono. "Hapana, dada. Nilikuja kusikiliza tu. Mke wangu aliambiwa sokoni kwamba mumeo jana alikuwa moto, akanirudia nyumbani anacheka. Alikuwa hajacheka tangu Januari." Halafu akauliza kwa aibu, "Ninacheza upande gani?" Nikamwambia kulia. Akatikisa kichwa, akaondoka akitembea kwa haraka. Jumapili iliyofuata alikuja na wenzake wanne wa zamu ileile, nao wote walikuwa na majina yao uwanjani. Nilijisikia kama mtu anayesoma barua za watu wengine kwa sauti. Sikujua kama ninawapa kitu au ninawaibia.

Mwezi wa kumi Mzee Abeidi akatangaza fainali. Wafanyabiashara wenzake wa Dar es Salaam walikuwa wanaanzisha mashindano makubwa, timu za wachezaji wa kulipwa, chumba cha kulala na chakula, na yeye alikuwa na nafasi moja tu ya mtu wa kupeleka. Atakwenda mshindi kati ya Yusufu na Kosmas. Kanuni zikasomwa mbele ya watu: wakitoka sare anakwenda Yusufu, kwa kuwa ana magoli mengi zaidi tangu mwanzo; umeme ukikatika, matokeo yanabaki kama yalivyokuwa umeme ulipokatika. Wiki nzima mji haukuzungumza kingine. Kwa kinyozi, sokoni, kisimani, ilikuwa Yusufu na Kosmas. Wa Mzinga walimuunga mkono Yusufu kwa sababu ya nidhamu. Wa Mazimbu waligawanyika, wakafanya mdahalo. Mwajuma, mke wa Yusufu, alikuja kununua kwangu koti la mtoto kwenye mitumba, akalishika shingoni akilipima kwa kiganja, akaniambia, "Akienda Dar nitamfuata nikishajifungua. Mwenye nyumba nimeshamwambia." Nikamchagulia la daraja la kwanza. Nilimpenda yule dada. Na nilikuwa nampenda Kosmas pia, kwa namna nyingine, ingawa jambo hilo sikuwa nimelisema hata kwangu mwenyewe.

Fainali ilikuwa Jumapili, saa tisa alasiri. Sitaieleza yote. Yusufu na Wekundu wake walipata la kwanza na la pili, pasi fupi, pasi fupi, mpaka watu wa milimani wakaanza kuokota vikapu vyao. Kosmas akarudisha moja kabla ya mapumziko, na la pili zikiwa zimebaki dakika mbili kwenye saa inayoonekana kwenye kioo. Nilikuwa natangaza mpaka koo limekauka. Mzee Nikodemo alikuwa amesimama nyuma ya Kosmas, mikono nyuma, kimya kabisa kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Nje, Hamisi na wenzake wanne walikuwa wameshikana mabega. Dakika ya mwisho Mbaraka akapata mpira, akampa Hamisi kulia, Hamisi akaingia ndani ya boksi, golikipa wa Wekundu akatoka, na mpira ukaondoka mguuni. Kioo kikanywea. Picha yote ilikimbilia katikati ikawa nukta nyeupe, nukta ikafa, na feni ya dari ikaanza kupunguza mwendo. Na mimi nikasikia sauti yangu ikisema, shwari kabisa, "Hamisi amefunga."

Walioko nje wakalipuka. Nakumbuka nikigeuka dirishani na kuona mambo mawili kwa pamoja: huku watu wamekaa gizani wakitazama kioo kilichozimika, na kule kwenye jua Hamisi amebebwa juu, ovaroli yake ya bluu, uso umelowa machozi, amefumba macho. Kina mama wa milimani walikuwa wakipiga vigelegele. Mzee Abeidi akaja mpaka kwenye stuli yangu. "Mimi nilikuwa naangalia saa," akasema. "Nimewauliza walio mbele, watatu wanasema limeingia, watatu wanasema halikuingia. Wewe ndiye uliyetangaza. Uliona?" Yusufu alikuwa amesimama na pedi mkononi. Kosmas alikuwa bado amekaa, anatazama viganja vyake. Nilifungua mdomo kusema kwamba sijui, na nje wakaanza kuimba jina la Hamisi. Nikasema, "Niliona. Liliingia."

Kesho yake asubuhi Yusufu alibisha mlangoni kwangu. Nikamkaribisha ndani, hakutaka, akasimama kizingitini. "Dada Vene, sijaja kugombana," akasema. "Nataka nijue tu, ili nikae nikijua. Uliliona?" Nilikuwa sijalala. Nikamwambia, "Yusufu, sijui nilichoona. Niliona nukta." "Ahsante," akasema, akaenda zake. Nikavaa khanga, nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Abeidi, nikamkuta anakunywa chai, nikamwambia nilisema uongo, au labda si uongo, lakini si kweli ninayoijua, na kwamba mechi irudiwe. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akanimiminia kikombe. "Vene, watu wamebebana barabarani mpaka stesheni," akasema. "Goli likishashangiliwa hivyo halitolewi tena. Ukilitoa sasa, hutamtoa Kosmas tu. Utawatoa wote wale." Nikamuuliza na Yusufu je. Akasema, "Yusufu ni kijana, atapata kazi." Lakini alisema hivyo akitazama ukutani, na chai yake hakuimaliza.

Siku mbili kabla ya kuondoka Kosmas alikuja na njegere mbichi, karoti na kabichi moja kubwa. Nikapika njegere kwa nazi, tukala na wali tukiwa tumekaa kitandani kwa kuwa kiti hakikuwepo, mlango wazi ili majirani wasiseme. Upande wa pili wa ukuta ghala lilikuwa kimya. Alikula polepole, akisifu chumvi. Nilikuwa nimejiandaa kumuungamia, lakini yeye ndiye aliyeanza. "Nataka kukuambia jambo," akasema. "Mimi sikupiga shuti." Nikamtazama. "Nilibonyeza pasi. Tadei wa golini kwao... hapana, golikipa wao alikuwa ametoka, nikaona kuna mtu wetu upande wa kushoto, nikambonyezea pasi. Kitufe kile unakijua. Kama mpira uliingia, uliingia wenyewe. Mimi nilitoa pasi, Vene. Aliyefunga ni wewe." Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama mtu anayerudisha kitu alichookota. Nikamuuliza kwa nini hakusema pale pale. "Niliwasikia nje," akasema.

Alikwenda Dar. Alikaa huko miezi saba. Yale mashindano yalichezwa mara mbili, halafu wafanyabiashara wale wakaona kanda za sinema zinalipa zaidi, timu zikavunjika, na Kosmas akarudi Nyandira na redio moja na kikohozi. Alioa mwaka uliofuata, mwanamke mwema wa Langali, na aliniletea mwaliko kwa mkono wake. Nilikwenda, nikacheza, nikarudi, nikalia wiki moja. Yusufu alipata kazi ya kupakia mizigo stesheni, kisha akawa fundi wa redio, na mtoto wake wa kwanza alizaliwa salama, akavalishwa lile koti ingawa joto lilikuwa kali. Hamisi alianza kutengeneza majiko ya mkaa kwa mabati ya mapipa, na watu walinunua kwake, wengine, nadhani, kwa sababu ya goli lile. Mzee Nikodemo hakurudi ghalani baada ya fainali. Nilikutana naye sokoni, nikamwamkia, nikamuuliza mbona haonekani. "Zamu imekwisha vizuri," akasema, "ya nini kurudi?" Mimi sikukaa tena kwenye stuli ile. Waliniomba, nikasema koo linauma, na kweli lilikuwa linauma.

Mwaka ule wa goli ukaisha, na mwezi wa pili nikapata nafasi ya ukarani katika mahakama ya mwanzo. Walinichukua kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri na najua Kiluguru. Hakimu alikuwa mtu wa kutoka mbali, kanda ya ziwa, na mashauri mengi ya mipaka ya mashamba yaliletwa na watu wa milimani, wazee ambao Kiswahili chao kilikuwa cha kuuzia mboga tu. Katika wiki yangu ya kwanza akaletwa bibi mmoja kutoa ushahidi juu ya mti wa mpaka ambao upande mmoja ulidai umekatwa na jirani. Alikuwa amevaa khanga mpya bado ina gundi ya dukani, na alishika kizimba kwa mikono yote miwili. Hakimu akamuuliza, "Ulimwona huyu bwana akikata mti?" Nikamtafsiria. Ndugu zake wa upande wa kushoto walikuwa wamemkazia macho, na mmoja alikuwa akitikisa kichwa kumwashiria aseme ndiyo. Kisha akasema maneno machache kwa Kiluguru, na watu wote mle ndani wakageuka kunitazama mimi, wakingoja.

"Anasema alikuwepo," nikamwambia hakimu.

Hakimu akainua kalamu. "Sikuuliza kama alikuwepo. Nimeuliza kama aliona."

"Ndiyo, mheshimiwa," nikasema, bila kumwongezea wala kumpunguzia. "Anasema alikuwepo."

Akanitazama juu ya miwani yake, akamtazama bibi, halafu akainama akaandika, na nilisubiri mpaka kalamu iliposimama ndipo nikakaa.